Mtoto Huyu ni wa Shule Nzima

Ukipita katika shule zetu za msingi kuanzia mwezi Oktoba, utaikuta meza ya uandikishaji imetolewa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, na wazazi wamepanga foleni wakiwa na vyeti vya kuzaliwa mkononi. Katika foleni hiyo hakosekani mama aliyembeba mgongoni mtoto ambaye kwa umri wake alipaswa kuwa anakimbizana na wenzake uwanjani. Akifika mezani, mwalimu anamtazama mtoto, anamtazama mama, kisha anasema kwa upole kabisa: "Mama, sisi hapa hatuna kitengo cha elimu maalumu. Huyu mpeleke kwenye shule yenye kitengo." Shule yenye kitengo iko wilaya ya jirani, au iko makao makuu ya mkoa. Mama anashukuru, anaondoka na mwanawe, na mwaka unaofuata hata kwenye foleni humwoni.

Hilo tumelisema sana, na tutaendelea kulisema. Lakini leo naomba tuingie ndani ya ile shule yenye kitengo, kwa sababu na huko mambo hayajaisha. Mtoto ameandikishwa, jina limo kwenye rejesta, sare anayo, na idadi imeshapelekwa halmashauri. Muulize mwalimu wa darasa la tatu maendeleo yake. Atakwambia, "Kamuulize mwalimu wa kitengo." Uliza kwa nini hakwenda na wenzake kwenye ziara ya mafunzo. Utaambiwa mwalimu wa kitengo hakuwa na taarifa. Mwalimu wa kitengo akiugua wiki mbili, watoto wake nao wanakaa wiki mbili hawajasoma, ilhali shule ina walimu wengine kumi na zaidi wanaopita mbele ya dirisha lao kila siku. Mimi naamini, na ndicho nilichokuja kukisema leo, kwamba usawa kwa mtoto mwenye ulemavu unaanza siku ambayo shule nzima inamchukua kuwa mwanafunzi wake: mwalimu wa Hisabati kwa Hisabati yake, mwalimu wa zamu kwa zamu yake, mpishi kwa sufuria yake.

Mazoea haya yana historia. Elimu ya watoto wenye ulemavu katika nchi yetu iliingia kwa mlango wa makanisa. Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilianzisha shule ya wasioona Buigiri, Dodoma. Mwaka 1963 Kanisa Katoliki likaanzisha shule ya viziwi Tabora. Shule hizo zilifanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyekuwa akiifanya, na wapo leo wanasheria, walimu na watumishi wa umma waliopita humo. Lakini pamoja na mema hayo, tulizoea kwamba mtoto mwenye ulemavu anasomea mbali na kwao, katika bweni, chini ya wataalamu wake. Baadaye tulipofungua vitengo ndani ya shule za kawaida ili tumsogeze karibu, mazoea yale yaliingia navyo. Kitengo kikawa shule ndogo ndani ya shule kubwa, na mara nyingi kiko chumba cha mwisho kabisa, nyuma ya stoo.

Kwa upande wa karatasi hatuna upungufu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu. Mwaka huohuo nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida, ya umma au ya binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Wizara nayo ina mkakati wa elimu jumuishi. Kinachobaki ni kazi ya kati ya kengele ya asubuhi na kengele ya kwenda nyumbani, na hiyo inafanyika shuleni, haifanyiki Dodoma.

Nianze na ubao. Vitabu ni vichache, watoto ni wengi, kwa hiyo mwalimu anaandika na watoto wananakili. Sasa yumo humo mtoto mwenye ualbino. Ngozi yake tunaiona sote, lakini kinachomkwamisha darasani ni macho. Watu wenye ualbino karibu wote wana uoni hafifu: macho yanachezacheza yenyewe bila mtu kutaka, mwanga mkali unaumiza, na miwani ya kawaida haimalizi tatizo. Neno ambalo mwenzake analisoma akiwa dawati la nne, yeye mpaka alisogelee hatua moja au mbili. Anainuka, anakwenda mbele, anashika maneno matatu kichwani, anarudi kuyaandika, anainuka tena. Walio nyuma wanalalamika kwamba anawakinga. Mwalimu ana watoto tisini na kipindi cha dakika arobaini, naye anamwambia, "Kaa chini, utanakili kwa mwenzako." Kengele inagonga, ubao unafutwa, mtoto ana nusu ukurasa. Mwisho wa muhula ripoti inasema uwezo wake ni wa chini.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la tano nikimwangalia mwalimu akifundisha sehemu. Mwalimu yule hakuandika kitu akiwa kimya. Kila chaki ilipogusa ubao, mdomo wake ulikuwa unasema: "Naandika robo tatu, tatu juu, nne chini. Hapa katikati alama ya kujumlisha. Halafu moja juu, nane chini." Alipomaliza alirudia swali lote tangu mwanzo, taratibu, kisha akauliza nani amelikosa. Katika dawati la mbele, upande ulio mbali na dirisha, alikuwepo msichana mwenye ualbino aliyeinamisha uso karibu kabisa na daftari, anaandika bila kuinua kichwa. Hakuinuka hata mara moja. Baada ya kipindi nilimuuliza mwalimu alijifunzia wapi. Akasema hakufundishwa na mtu. Alianza kwa ajili ya yule msichana, halafu akaona na wale wa madawati ya nyuma, ambao macho yao ni mazima ila wako mbali, wameanza kupata hesabu ambazo zamani walikuwa wanazikosa kwa kunakili vibaya.

Hapo hakuna fedha iliyotumika. Dawati la mbele, mwanga utokee nyuma ya mtoto badala ya kumpiga usoni, ubao upakwe rangi upya ukianza kung'aa, herufi ziandikwe kubwa, na mwalimu amkabidhi mtoto daftari lake la maandalio anakili kwa nafasi yake. Walimu wote sita au saba wanaoingia darasa lile wakubaliane kufanya hivyo. Akifanya mmoja tu, mtoto anaelewa Hisabati na anabaki gizani katika Sayansi.

Tukiwa bado kwa mtoto huyuhuyu, tuangalie sare. Shule nyingi zina kanuni kwamba mwanafunzi havai kofia, na shati ni la mikono mifupi. Halafu kuna mstari wa mchana, kabla ya kwenda nyumbani, ambapo watoto wanasimama juani wakisikiliza matangazo mpaka mwalimu wa zamu amalize. Kwa mtoto asiye na rangi ya kukinga ngozi, jua hilo la kila siku ndilo linaloleta vidonda, na vidonda ndivyo vinavyokuja kuwa saratani ya ngozi akiwa bado kijana. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, na ni msaada mkubwa, lakini mafuta hayafuti kanuni mbaya. Kikao kimoja cha walimu kinatosha kuandika kwamba mwanafunzi mwenye ualbino atavaa kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, na mstarini atasimama kivulini. Na wenzake wote waelezwe sababu, ili kofia isije ikawa jambo jipya la kumchekea.

Hatuwezi kumzungumzia mtoto mwenye ualbino tukaacha usalama wake. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 nchi yetu ilipita katika aibu ya mauaji na ukataji wa viungo vya watu wenye ualbino, hasa Kanda ya Ziwa. Watoto walikusanywa katika shule na vituo vyenye uzio, kama Buhangija, Shinyanga, na Mitindo, Misungwi. Uzio uliokoa maisha, nani atabisha? Lakini wapo watoto waliokaa humo miaka na miaka bila kurudi kwao, mpaka mzazi na mtoto wakawa hawajuani. Kama tunataka mtoto huyu asome kijijini kwao, basi shule ya kijiji ijue anapita njia gani, anatembea na nani, na asipofika saa mbili asubuhi nani anapiga simu kwa mzazi. Watoto wa njia moja wapangiwe kutembea pamoja. Mwenyekiti wa kitongoji ahusishwe.

Sasa niende mahali ambapo watu hawapendi kupazungumzia redioni, nako ni chooni. Yuko mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi. Akili yake inaweza kuwa timamu kabisa, pengine ndiye wa kwanza darasani, lakini neva zinazoongoza kibofu hazifanyi kazi sawasawa, kwa hiyo mkojo hutolewa kwa mpira mwembamba kila baada ya saa tatu au nne. Mwanzoni mama humfanyia. Akikua kidogo, kwa mafunzo, anaweza kujifanyia mwenyewe. Anahitaji maji safi, sabuni, mahali pa kukaa, mlango unaofungika kwa ndani, na dakika chache ambazo hakuna atakayemgongea. Basi.

Shule isipokuwa na hivyo vitu, yapo mambo mawili. Ama mama anaacha biashara yake ya mboga na kuja shuleni kila siku saa nne na nusu, ama mtoto anakaa na nepi mpaka jioni, harufu inatoka, wenzake wanahama dawati, na siku moja anasema tumbo linamuuma, haji tena. Mwongozo wa vyoo vya shule kwetu unataka tundu moja kwa wasichana ishirini na tundu moja kwa wavulana ishirini na watano, na shule nyingi hazijafika hapo. Ninajua. Lakini hata shule yenye upungufu inaweza kutenga tundu moja, ikaliwekea kitasa, ndoo yenye bomba, na kiti kilichotobolewa katikati, na ufunguo ukakaa kwa mtu anayejulikana. Watoto wanaotembelea magongo watakitumia choo hicho, na wasichana wakubwa siku zao za mwezi watakitumia pia.

Na njia ya kufikia choo hicho iwe inapitika. Nimeona njia za mteremko zilizojengwa kwa ajili ya picha ya uzinduzi: zimesimama wima kiasi kwamba hata mtu mzima mwenye nguvu hawezi kusukuma kiti mwendo kupanda. Kipimo mafundi wanakijua, au wanapaswa kukijua: kwa kila sentimita kumi za kimo, mteremko uwe na urefu wa sentimita mia moja na ishirini. Kwa hiyo ngazi zenye kimo cha sentimita thelathini zinataka mteremko wa mita tatu na sentimita sitini, si mita moja. Kamati ya shule inapopokea jengo, ichukue futi kamba ipime. Tena ifanye jambo moja la ziada: imwite mtoto anayetumia kiti mwendo apande mwenyewe mbele ya fundi, kabla fundi hajasainiwa malipo. Mpaka jengo litakapokamilika, darasa lenye mtoto huyo lihamishiwe chumba kisicho na ngazi. Kuhamisha darasa la nne likaenda chumba cha darasa la sita ni kazi ya asubuhi moja.

Kwa watoto viziwi naomba twende kwa uangalifu, maana hapa watu wema huwa tunakosea kwa haraka ya kutenda mema. Kusema kila mtoto asome shule ya jirani ni sawa kwa wengi. Lakini mtoto kiziwi ukimweka peke yake kati ya watoto themanini wanaosikia, na hakuna hata mmoja anayejua lugha ya alama, umemfunga katika upweke ambao hata nyumbani hakuwa nao. Watoto viziwi wengi wanazaliwa na wazazi wanaosikia. Wanafika shuleni wakiwa na miaka saba au minane bila lugha yoyote kamili, wana ishara chache tu za nyumbani za kuomba chakula na maji. Lugha wanaipata kwa viziwi wenzao na kwa walimu wanaoijua. Kwa hiyo mimi siungi mkono wanaotaka shule za viziwi zifungwe kwa jina la ujumuishi. Ninachotaka ni kwamba palipo na kitengo cha viziwi, lugha ya alama isiishie mlangoni mwa kitengo.

Hebu fikiria mstari wa asubuhi. Mwalimu mkuu anatangaza kwamba kesho kila mtoto aje na ufagio. Watoto viziwi wamesimama safu ya mwisho, wanatazama mdomo wake unavyokwenda. Kesho yake wanakuja bila ufagio, wanaadhibiwa. Sasa kama mwanafunzi mmoja wa darasa la saba, anayesikia, amejifunza alama na anasimama pembeni ya mwalimu akitafsiri, adhabu ile haipo. Na watoto wanajifunza alama upesi kuliko sisi watu wazima. Wape muhula mmoja na mchezo wa pamoja, utawakuta wanabishana kwa mikono chini ya mti. Mpishi ajue alama za chakula, za kushiba na za kuumwa. Mlezi wa bweni ajue zaidi ya hapo, kwa sababu usiku kukizuka hatari, kengele haimwamshi kiziwi. Lazima uwepo utaratibu wa tochi, na mtu wa kupita kitanda hadi kitanda, na ufanyiwe mazoezi kabla ya siku ya hatari.

Kisha watoto hao wakifaulu darasa la saba, wanaingia kidato cha kwanza na lugha ya kufundishia inageuka kuwa Kiingereza. Kwa mtoto anayesikia ni mlima. Kwa kiziwi ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya alama na Kiswahili cha maandishi, na anatakiwa aipate kwa macho peke yake. Shule ya sekondari inayompokea bila mkalimani darasani imempokea kwa jina tu.

Wasioona nao. Mtoto asiyeona anaandika kwa nukta nundu, na chombo chake ni mashine ya Perkins: vitufe sita vya nukta, kimoja cha nafasi, kimoja cha kurudi nyuma na kimoja cha kushuka mstari. Ni chuma kizito, karibu kilo tano, na bei yake inazidi shilingi milioni moja. Karatasi yake ni nene kuliko ya daftari. Sasa linganisha na ruzuku. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, kiwango kilichopangwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na sehemu ya fedha hiyo ni ya vitabu. Hesabu hiyo imepigwa kwa mtoto anayeandika kwa penseli. Kumgawia mtoto asiyeona kiasi kilekile na kusema tumetenda haki ni kujidanganya, na hili ni la Serikali, haliwezi kubebeshwa mwalimu mkuu. Kadhalika vitabu. Mtaala mpya ulipoanza kutekelezwa Januari 2024, kila mzazi alisubiri vitabu vipya. Kitabu cha nukta nundu kitoke siku moja na kitabu cha maandishi ya kawaida, kwa sababu mtihani hautamsubiri aliyechelewa kupata kitabu.

Lakini lipo la mwalimu pia. Mtoto asiyeona akimaliza zoezi la Jiografia kwa nukta nundu, mwalimu wa Jiografia hawezi kulisoma. Analipeleka kwa mwalimu wa kitengo alitafsiri, mwalimu wa kitengo ana masomo saba ya watoto kumi na wawili mezani, na zoezi linarudi baada ya wiki mbili, wakati darasa limeshahamia mada nyingine. Nukta zenyewe ni sita tu, na mwalimu mwenye macho anazisoma kwa macho, hahitaji vidole. Mwalimu akijifunza herufi mbili au tatu kwa siku, mwezi hauishi kabla hajazimaliza zote. Kama tunawapeleka walimu semina za mambo mengi, saa moja ya kila Ijumaa mwalimu wa kitengo awafundishe wenzake: wiki hii nukta nundu, wiki ijayo alama, wiki nyingine namna ya kumwandalia zoezi mtoto mwenye ulemavu wa akili. Chuo cha Patandi kule Arusha kimetoa walimu wa elimu maalumu kwa miaka mingi. Ujuzi wao usifungiwe chumba kimoja.

Na mwalimu mwenye ulemavu aonekane shuleni. Sheria ile ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi ahakikishe asilimia tatu yao ni watu wenye ulemavu. Mwaka 2010 huohuo wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfan Barwany, mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Watoto wa Lindi waliona kwa macho yao mtu mwenye ngozi kama ya mwenzao akiomba kura na kupewa. Shuleni nako mtoto anahitaji kumwona mwalimu asiyeona akifundisha Historia, akiwa na msaidizi wa kumsomea madaftari. Yule mtoto asiyeona atajua cha kutamani, na yule anayeona atakua akijua kwamba mtu asiyeona anaweza kuwa mkubwa wake.

Uwanjani je? Saa ya michezo, mtoto mwenye ulemavu huachiwa kazi ya kulinda mashati ya wenzake. Mnafahamu picha hiyo. Upo mpira wa goli, mchezo wa wasioona: mpira una njuga ndani, wachezaji wote wanafungwa kitambaa machoni, uwanja unakuwa kimya, na kila timu inaurusha mpira kwa kuuviringisha kuelekea goli la wenzao. Mfunge macho nahodha wa timu ya shule, mweke acheze na watoto wa kitengo. Atafungwa, tena mabao mengi, na hatarudia kuwaita wenzake majina ya ovyo. Majina hayo, mnayoyajua, yakomeshwe, na wa kwanza kuyaacha awe mwalimu, maana watoto wengi huyasikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mzima.

Niingie kwenye mtihani, na hapo nitaishia. Baraza la Mitihani lina utaratibu kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu: huongezewa dakika ishirini kwa kila saa katika Hisabati, na dakika kumi kwa kila saa katika masomo mengine. Asiyeona hupewa karatasi ya nukta nundu, na mwenye uoni hafifu hupewa maandishi makubwa. Ni utaratibu mzuri. Lakini chunguza kinachotokea kuanzia darasa la kwanza. Majaribio ya kila wiki, mitihani ya nusu muhula, mitihani ya utimilifu ya wilaya: mtoto huyu anakusanyiwa karatasi saa ileile na wenzake, akiwa bado swali la kumi na nane kati ya arobaini. Kwa miaka yote hiyo anapata alama za mtu aliyekatizwa. Yeye anaziamini, mzazi anaziamini, mwalimu anaziamini. Wengine hawafiki hata kwenye huo mtihani wa Baraza wenye dakika za ziada, kwa sababu mzazi alishaona fedha ya daftari inapotea.

Dakika hizo mwalimu mkuu anaweza kuzitoa wiki hii bila kusubiri waraka. Ratiba ya majaribio imebandikwa ukutani katika ofisi ya taaluma. Chini yake paongezwe mstari mmoja wenye majina ya wanafunzi watakaoongezewa muda, na jina la mwalimu atakayebaki nao darasani wenzao wakishatoka. Na mwalimu huyo asiwe yule wa kitengo.